Mbuzi, Mbu na Tembo

Mwalimu niliyebadilishana naye kituo alinidanganya, nami nikamdanganya, kwa hiyo hatudaiani. Yeye alikuwa Karatu akiitaka bahari. Mimi nilikuwa Pangani nikimtaka mke wangu. Kwa sisi walimu wa serikali hiyo ni sababu halali, ina hata jina lake: kumfuata mwenza. Kabla ya kuhama, habari za hali ya hewa tulizungumza kwa simu mara moja tu. Nikamuuliza, "Huko kuna baridi?" Akajibu, "Baridi ya kawaida tu." Akanyamaza kidogo, kisha naye akauliza, "Na huko joto likoje?" Nikaitazama fulana yangu, iliyokuwa imenigandia mgongoni tangu saa tatu asubuhi, nikasema, "La kawaida tu."

Mimi nafundisha Kiswahili, kidato cha tatu na cha nne. Ningepaswa kulishuku neno "kawaida". Ni neno linalojibu kila swali bila kumwambia mtu kitu.

Mke wangu alikuwa ametangulia. Alipata kazi ya uhasibu katika hoteli moja ya kitalii ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Yeye ni Msambaa wa Lushoto, amekulia kwenye ukungu na viazi, na siku aliyofika alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Nimefika nyumbani." Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu mwinuko ni ule mteremko wa kushukia kwenye kivuko.

Wafanyakazi wengi wa hoteli hiyo hulala hukohuko, kwenye nyumba za kampuni, wanawake wanne chumba kimoja. Nilipouliza kama mume anaweza kukaa, niliambiwa utaratibu hauruhusu. Mke wangu akanieleza kwamba usiku nyati huja kulala nje ya dirisha lao. Kwa hiyo nyati anaruhusiwa, mume haruhusiwi. Lakini kulikuwa na gari la wafanyakazi lililowachukua wanaoishi nje, alfajiri, kwenye barabara kuu ya Karatu. Tukakubaliana nije likizo ya Juni tutafute mji wa kukaa, mahali ambapo yeye atapanda kwenda kazini na mimi nitashuka kwenda shuleni na jioni tutakutana kwenye sufuria moja.

Ukitoka Arusha kwenda Ngorongoro, kama kilomita 80 za kwanza zinakufikisha Makuyuni. Hapo unaacha njia ya Babati na Dodoma, unakunja kulia, na barabara inaanza kukupangia miji kama muuza nguo anayeanza na ya bei rahisi. Kwanza Mto wa Mbu, chini kabisa, kando ya Ziwa Manyara. Halafu gari linapanda ukuta wa Bonde la Ufa, kona kwa kona, masikio yanaziba, unafika Rhotia, kisha Karatu, na mbele ya Karatu kuna lango la Loduare, ambapo lami inakoma na msitu unaanza. Nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba nitashuka Karatu. Nikashuka Mto wa Mbu.

Jamani, mnisamehe. Kulikuwa na joto! Kulikuwa na migomba, na mpunga unaomwagiliwa, na akina mama wanauza ndizi nyekundu ambazo sijaziona penginepo kwa wingi ule. Watu walikuwa wamevaa kandambili. Nilihisi kama nimefika Muheza kwa njia ya mkato. Nikampigia simu mke wangu palepale stendi.

"Nimepata mji."

"Unaitwaje?"

"Mto wa Mbu."

Alinyamaza. Mke wangu akinyamaza huwa anahesabu, ni tabia ya kazi. "Mume wangu," akasema, "huo mji umekuonya kwa maandishi."

Nikamtetea. Nikasema miji mingine huficha aibu zake uani, huu pekee umezitundika barabarani kwa herufi kubwa. Mji mkweli kama huu utaupata wapi? Akaniambia nilale huko usiku mmoja, nitampa jibu asubuhi.

Mimi nimezaliwa na mbu, sikuona sababu ya kuogopa. Lakini mbu wa Pangani ana adabu ya pwani: hupiga hodi, huimba kwanza, hukuzunguka sikioni mpaka ukajua umetembelewa. Hawa ni watu wa vitendo. Chandarua cha gesti kilikuwa na tundu moja tu, dogo, ila walikuwa wamelisoma. Saa kumi alfajiri nilikuwa nimekaa kitandani na taa imewashwa, nikifikiria pia kwamba mke wangu angelazimika kupanda ukuta ule wa Bonde la Ufa kila siku kabla hata ya kuanza kupanda wa kreta. Saa kumi na mbili nikapanda Noah ya Karatu. Sikupiga simu. Jibu lilikuwa usoni.

Karatu tulijikabidhi kwa dalali, kijana mchangamfu mwenye simu tatu, aliyemwita mke wangu shemeji kabla hajatuuliza majina. Dalali wa Karatu hana tofauti na dalali wa Temeke isipokuwa kwamba huyu amevaa sweta. Kila nyumba ilikuwa "dakika tano kutoka lami". Baadaye niligundua kwamba dakika hizo hupimwa kwa bodaboda yake, kiangazi, kwenye mteremko. Tuliona nyumba yenye choo cha ndani ambacho maji yake yalikuwa nje. Tuliona nyumba yenye tailisi zinazong'aa na Luku inayodaiwa na mpangaji aliyehama. Tuliona chumba na sebule ambapo sebule ndiyo ilikuwa njia ya majirani kwenda bafuni. Mke wangu alikuwa na siku mbili za mapumziko, na ya kwanza ikaisha hivyo.

Siku ya pili akatupeleka nje ya mji, upande wa msituni, kule kwenye mashamba ya kahawa na mahindi. Nyumba nzima, vyumba vitatu, baraza pana, mbele bonde, nyuma kijani kitupu. Kodi ilikuwa nusu ya zile za mjini. Nilizunguka nyumba mara mbili nikitafuta kasoro. Ukuta safi. Bati jipya. Fensi tu, upande wa shambani, ilikuwa imelala chini kama mtu aliyechoka.

"Mbona bei rahisi?" nikamuuliza.

Dalali akakuna kichwa. "Mwalimu, sitakuficha. Huku usiku kuna tembo. Hasa mahindi yakikomaa."

Sasa, msomaji wa bara anisikilize vizuri. Kwetu Pangani, ukisema "tembo" mbele ya wazee kumi, tisa watafikiria kile kinachogemwa mnazini. Mnyama tunamwita ndovu, na hatumwiti mara kwa mara kwa sababu hana sababu ya kuja. Kwa hiyo niliposikia tembo na mahindi katika sentensi moja, nilielewa kwamba watu wa huku, kwa kukosa minazi, wanatengeneza chao kwa mahindi. Sikumlaumu mtu. Nilimwangalia mke wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameziba mdomo kwa mtandio. Nikadhani amekwazika.

"Sisi si watu wa mambo hayo," nikamwambia dalali. "Wana kelele?"

"Kelele hawana, mwalimu. Wanakuja saa nane usiku, kimya kimya, wanakula, wanaondoka."

Nikashangaa. Walevi wa kwetu wakishuka hujulikana tangu njia panda. "Hawasumbui?"

"Ukikaa ndani hawakusumbui. Ila ndiyo hivyo, wakipita fensi inaanguka."

Hilo nililielewa kabisa. Nimeshaona fensi nyingi zikiangushwa na watu wa aina hiyo. "Na serikali ya kijiji inajua?"

"Inajua. Kuna namba ya kupiga, askari wanakuja kuwafukuza kwa baruti."

Kwa baruti! Nikaona huku sheria za pombe ni kali kupita kiasi. Nikiwa natafuta swali la mwisho la kufungia mazungumzo kwa heshima, nikauliza, "Na huwa wanauza bei gani?"

"Nani?"

"Hao wa tembo."

Dalali akamtazama shemeji yake. Shemeji yake wakati huo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, machozi yanamtoka. "Endelea, mwalimu," akasema, "muulize na wanapima kwa kata au kwa lita."

Tembo wenyewe, yaani ndovu, hutoka kwenye msitu wa Hifadhi ya Ngorongoro, ambao unapakana na mashamba ya Karatu bila hata barabara ya kuvitenganisha. Mahindi yakikomaa harufu huwafikia. Huko juu ya mashamba ya kahawa kuna mapango ambayo wameyachimba wenyewe kwa meno wakitafuta udongo wenye chumvi, na wageni hulipa wapelekwe kuyaona. Mwenye shamba la mahindi naye huwaona, yeye bila tiketi, na asubuhi huhesabu mistari iliyobaki. Nilijifunza yote hayo ndani ya robo saa, nikiwa nimesimama katikati ya barabara, kwani nilikuwa nimekataa kurudi kwenye ile baraza.

Tukachukua nyumba ya mjini. Ndogo, nyuma ya barabara kuu, ua mmoja na mzee mwenye nyumba, Mwiraqw mstaafu mwenye ng'ombe wawili na maneno machache. Tukalipa miezi sita mbele, dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo ada, akasema tumepata bahati. Dakika tano kutoka lami. Zilikuwa kumi na mbili, nikaona kwa dalali huo ni ukweli wa kutosha.

Mizigo ilikuja kwa Fuso. Mtu wa Tanga aliniunganisha na dereva aliyekuwa amepeleka vitunguu kutoka Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, na gari lake lilikuwa linarudi tupu. Bei ilikuwa nzuri sana. Mashuka yetu yalinuka kitunguu mpaka Septemba. Siku nilipofungua magodoro mke wangu alibubujikwa na machozi, nikadhani ni furaha ya kuniona.

Dereva alitaka orodha ya mizigo. Nikaiandika kwa mwandiko wa ubaoni: kitanda 1, godoro 2, meza 1, viti 4, vitabu katoni 6, mbuzi 1. Nikaisaini, nikalala kwa ndugu mjini Tanga nisubiri basi la asubuhi. Saa nane usiku simu ikaita. Alikuwa utingo.

"Mwalimu, samahani. Tuko kwenye kizuizi. Wanauliza mbuzi yuko wapi."

"Ipo," nikasema kwa usingizi. "Chini ya meza, nyuma ya godoro."

Nikamsikia akimwambia mtu pembeni: "Anasema yupo chini ya meza." Kisha sauti nzito ikachukua simu.

"Wewe ndiye mwenye mbuzi?"

"Ndiye mimi, afande."

"Kibali chake kiko wapi?"

"Haihitaji kibali."

"Kila mbuzi anayesafirishwa anahitaji kibali. Yuko hai?"

"Haijawahi kuwa hai."

Kimya. Nikasikia kalamu ikiandika. "Kwa hiyo ni nyama."

"Siyo nyama, afande. Ni ya mti."

"Mbuzi wa mti."

"Mbuzi *ya* mti," nikasema. Hapo ndipo nilipopaswa kukaa kimya, nikubali faini, nirudi kulala. Lakini miaka kumi na moja ya kufundisha ngeli haimwachi mtu. "Afande, ukisikia nasema 'ipo' badala ya 'yupo', hapo hapo ujue kwamba sizungumzii mnyama. Mnyama ni A-WA. Hii ni I-ZI."

"Unanifundisha Kiswahili saa nane usiku?"

"Hapana, afande. Naeleza tu. Ina miguu minne, inakunjwa…"

"Mmemkunja miguu tangu Tanga?"

"Ina meno. Ila kichwa haina."

Hata mimi nilisikia nilivyokuwa nikisikika. Ilikuwa kitendawili kizima, kilichobaki ni kusema "tega". Akauliza, kwa upole wa mtu anayeanza kuogopa, huyo mbuzi ana kazi gani. Nikasema mke wangu huikalia kila asubuhi, anakuna.

"Anamkuna nani?"

Walishusha nusu ya mzigo. Nilibaki kwenye simu nikisikia katoni za vitabu zikitua chini, kisha godoro, kisha meza, kisha hakuna sauti. Ilikuwa pale, mbuzi ya bibi yangu, ya mti wa mwembe, ulimi wa chuma umeelekea juu, meno yake mazuri kabisa.

"Hii ndiyo mbuzi?"

"Ndiyo hii."

"Sasa kwa nini usiandike kiti cha kukunia nazi?"

Sikuwa na jibu. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kusema maneno manne pale ambapo moja linatosha. Utingo aliniambia baadaye kwamba kabla ya kuwaruhusu, yule afande aliikalia, akaitikisa, akasema ni imara.

Utingo huyohuyo ndiye aliyefika Karatu kabla yangu. Karatu ni mji wa barabara moja; habari zinatoka stendi mpaka Njia Panda kabla gari halijazima. Niliposhuka kwenye basi, bodaboda wa kwanza akaniuliza, "Wewe ndiye mwalimu wa mbuzi?"

Baridi ya kawaida ilinipokea saa kumi na moja na nusu asubuhi ya kwanza, nilipomsindikiza mke wangu kwenda kupanda gari la wafanyakazi. Nilikuwa nimevaa kila kilichokuwa juu ya begi: suruali, kikoi juu ya suruali, shati la shule, na taulo shingoni. Moshi ulitoka mdomoni mwangu. Nilisimama nikiutazama; ulikuwa wa kwanza maishani mwangu bila sigara. Wakati huohuo magari ya watalii yalikuwa yameanza kupita, moja baada ya jingine, yakiwahi lango, na kwenye moja dirisha likafunguliwa, mama mmoja wa Kizungu akatoa kamera, akanipiga picha. Hawakuwa wameingia hata hifadhini. Nimo kwenye albamu ya mtu huko Ulaya, nafikiri kabla ya pundamilia.

Tarehe 7 ya mwezi ni siku ya mnada Karatu. Nilikwenda nikanunua koti la mtumba, zito, la kijani, lenye maandishi ya kikosi cha zimamoto cha mji fulani wa Ujerumani. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo alikuwa ameshanitambua. Akaniita nimwone beberu wake, akisema mbuzi wangu akikaa peke yake atapata upweke.

Shuleni nako ngeli zangu hazikunisaidia. Nilifungua daftari la mahudhurio nikakutana na majina yanayoanza kwa Q na X, herufi ambazo miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia watoto kwamba Kiswahili hakina. Nikayaruka, nikaanza na lililoonekana rahisi, la binti aliyeitwa Slaa. Jina hilo nchi nzima inalijua: Dk. Wilbrod Slaa alikuwa mbunge wa Karatu kuanzia 1995 mpaka 2010, kisha akagombea urais, na sote tulilitamka tukiwa na uhakika. Nikalitamka. Darasa likacheka. Kijana wa nyuma akanyoosha mkono, akanieleza kwa huruma kwamba kwa Kiiraqw hiyo "sl" si s na l. Ncha ya ulimi inakaa juu, na pumzi inapita pembeni ya shavu. Nikajaribu. Ikatoka pumzi na vitu vingine. Tukahamia "tl", kwa ajili ya kijiji cha Tloma, ambayo inapasuka kama mtu anayefungua soda. Nilimaliza kipindi bila kuita jina hata moja, lakini watoto walikuwa wamenyoosha mikono wote, jambo ambalo Pangani sikuwahi kuliona.

Mwezi Agosti mke wangu akasema ni aibu mtu kuishi Karatu bila kuiona kreta. Tukapanda siku yake ya mapumziko. Nilikuwa nimesoma vya kutosha: kilomita za mraba kama 260 chini, kina cha mita 600 hivi, imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1979. Tukafika mahali pa kutazamia, nikasogea ukingoni, nikatazama. Kulikuwa kweupe. Si mawingu hapa na pale. Kweupe kama shuka iliyoanikwa mbele ya pua. "Hapo kulia ndipo ziwa," akasema mke wangu. "Hapo kushoto viboko." Nilikuwa nikitikisa kichwa. Wageni wengine walikuwa wakipiga picha, sijui za nini. Yeye alivuta pumzi ndefu, akafumba macho, akasema inanuka kama kwao Lushoto.

Tulipopita kuwasalimu wenzake hotelini, mlinzi wa getini, mzee wa Kimasai aliyejifunga shuka mbili, alisikia kwamba ninatoka Tanga. Akaniita pembeni. Juni 2022 serikali ilianza kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, ambako ni mkoani kwetu, na jambo hilo limegawanya familia na watu wamefikishana mpaka mahakamani. Mimi kuhama kwangu kulikuwa kwa barua niliyoiomba mwenyewe. Mzee hakunieleza msimamo wake, nami sikumuuliza. Alisema tu kwamba mdogo wake ameshakwenda, kisha akauliza, "Mwalimu, huko Handeni joto likoje?"

Nilifungua mdomo, na yale maneno matatu yalikuwa tayari ulimini. Yakakataa kutoka. "Ni kali, mzee," nikasema. "Kali sana, kuliko hapa kwa mbali." Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, akarudi getini.

Jioni ile nilimpigia simu mwalimu aliyekuwa Karatu, aliyeko Pangani sasa. Nikamwambia kuhusu koti la zimamoto. Alicheka mpaka simu ikakata. Alipopiga tena alikiri kwamba ameshalala barazani miezi miwili na kwamba amenunua feni ambayo inasukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Akauliza kama ninataka chochote kutoka pwani. Nilikuwa na mbuzi tangu Julai na sijaitumia mara tatu. Nazi Karatu huletwa kutoka mbali, na bei yake inakufanya uichezeshe tu sikioni na kuirudisha. "Nazi," nikamwambia.

Naye, kwa siri kidogo, akasema anaota mbaazi za Karatu.

Mbaazi zilikuwa zimejaa stoo ya mzee mwenye nyumba, magunia yamepangwa mpaka kwenye kenchi. Huku mtu hupanda mbaazi katikati ya mahindi, huvuna mahindi, huziacha zimalizie, kisha huuza. Kwa mzee wetu mbaazi ni hela, si chakula. Mara moja alinisimulia hadithi ndefu kuliko kawaida yake, ya mwaka 2017, India ilipowekea kikomo mbaazi zinazotoka nje na bei ikaporomoka mpaka watu wakaona ni hasara hata kukodi gari la kuzipeleka sokoni. "Tulibaki nazo," akasema. Nikamuuliza kwa nini hawakuzila. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini hakula noti.

Kiroba cha nazi kilifika kwa basi mpaka Arusha, kisha kwa Noah. Jumamosi asubuhi nikaitoa mbuzi uani, nikaikalia, nikaanza kukuna. Watoto wa jirani walisimama kwanza mbali, halafu karibu. Bodaboda wawili waliegesha. Mama wa nyumba ya pili akaja na mtoto mgongoni, akauliza kama ndiyo ile iliyokamatwa kizuizini, nikasema ndiyo yenyewe, wakaitazama kwa heshima kama mtu aliyetoka rumande. Mke wangu, ambaye alikuwa amechemsha mbaazi za mzee tangu usiku, akachuja tui, akatia la pili kwanza, mwishoni la kwanza, akakaanga maandazi. Kule kwao hawajui nazi, lakini mama yangu alimfundisha mwezi wa kwanza wa ndoa, na siku hiyo niliona kwamba alimfundisha vizuri.

Tulimkaribisha mzee mwenye nyumba. Akaketi, akanawa, akamega andazi, akachovya. Akatafuna taratibu. Akachovya tena. Kwa muda mrefu hakukuwa na sauti isipokuwa ng'ombe wake wakipumua nyuma ya ukuta.

"Mwalimu," akasema, "hizi ni mbaazi zangu?"

"Ni zako, mzee."

Akamaliza sahani. Akafuta mikono. Akatazama upande wa stoo yake, magunia yote yale, kama mtu anayepiga hesabu ya miaka mingi nyuma.

"Kumbe Wahindi walikuwa wanatuficha," akasema. Kisha akageuka, akainyooshea kidole mbuzi iliyokuwa pale uani. "Na mbuzi kama huyu anapatikana wapi?"

Nilivuta pumzi kumsahihisha. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.